Gurudumu la digrii linasoma 320: poti na nafasi za sili kwenye 13B

Kijana wa Ndeeba

Habari za jioni wakubwa. Naomba msaada kabla sijakata chuma ambacho sitakipata tena.

Nina injini ya 13B-REW, injini ya rota ya Mazda RX-7 ya mwisho. Ilifika Kampala kupitia Mombasa bila tabo (turbo), bila kompyuta, imeviringishwa nailoni. Nataka kuitia kwenye bodi la RX-8 ambayo injini yake ilikufa, niende nayo Busiika kwenye autokrosi. Kazi yangu ya kila siku ni umeme wa magari, injini ya rota, yenye pembetatu inayozunguka badala ya pistoni, ndiyo kwanza naifungua. Nimekwenda polepole, wiki mbili nzima. Kila sili, vile vipande vya chuma vya kuzuia gesi isivuje, iko kwenye kopo lake la siagi, nimeandika rota ya mbele uso A, B, C, ya nyuma vivyo hivyo.

Kwanza ni majira ya poti, yaani matundu ya kuingiza hewa na kutoa moshi yanafunguka na kufunga lini. Nimesimamisha shafti kwenye pleti ya nyuma (ukuta wa ubavuni wenye poti ya hewa), gia yake ikiwa mahali pake, nikavalisha rota, nikafunga gurudumu la digrii juu ya shafti. Sifuri nimeiweka pale uso ninaoutazama ulipofika juu kabisa, ekzosi ikimalizia na hewa ikitaka kuingia. Nikazungusha kwa mkono. Poti ya hewa inaanza kufunguka kwenye 32. Inajifunga kwenye 320. Nikatoa 180, nikabaki na 140 baada ya kituo cha chini. Nimerudia mara nne, jibu lilelile. Kwenye injini ya pistoni hicho ni kichaa. Je, mwenye nayo kule Japani alishaipoti, yaani alishazikata poti zake ziwe kubwa? Maana kama alishaipoti, nikikata tena nitaharibu.

Pili ni sili. Nimenunua sili mpya za ubavu, zimekuja ndefu, lazima zipigwe tupa. Mmoja ananiambia niache nafasi ya milimita 0.15 kati yake na sili ya kona, kama kitabu kinavyoruhusu. Mwingine anasema 0.05. Wa tatu, muuza spea pale Kisekka, anasema nizibe kabisa kwa sababu zitalika zenyewe. Apeksi, sili za ncha tatu za rota, ni mpya za milimita 2. Nikipitisha fila geji kati ya sili na mfereji wake napata 0.08 sehemu kubwa, na 0.10 kwenye ncha moja. Kwa kuwa nitaweka tabo, niziongezee nafasi?

Kiolezo cha poti nimeshakitoa mtandaoni na kukichapisha. Kesho kutwa naazima grainda ya hewa.

---

Wa Arua

Karibu kwenye rota ndugu yangu. Ushauri wangu ni kata poti ya daraja, ile ya kuongeza tundu kando ya poti ya hewa na kuacha kipande chembamba cha chuma katikati, usiogope. Nilisikia moja ikinguruma pale West Nile miaka ya nyuma na hadi leo sijasikia injini nyingine inayonitoa machozi namna ile. Ukiwa na daraja, hata ikiwa sailensa, hujakanyaga mafuta, gari zima linadunda kama ngoma.

---

Fundi Kibuye

Ssebo, grainda usiiazime bado.

Mjapani hakuigusa injini yako. Kosa liko kwenye ile 180. Katika pistoni, kutoka juu hadi chini shafti inazunguka digrii 180. Hapa rota inazunguka mara moja wakati shafti imezunguka mara tatu, na uso mmoja unamaliza kuvuta, kubana, kulipuka na kutoa moshi katika digrii 1080 za shafti. Gawanya kwa nne. Kutoka juu hadi chini ni 270. Sasa chukua 320 yako utoe 270, unabaki na 50. Hiyo ndiyo namba ya kiwandani ya REW: poti za pleti ya mbele na ya nyuma zinafunguka 32 baada ya juu na kufunga 50 baada ya chini. Za pleti ya kati zinafunguka 45, zinafunga 50. Umepima vizuri kabisa, na kurudia mara nne ndiyo kazi yenyewe.

Ukifika kwenye ekzosi utachanganyikiwa tena, kwa hiyo nikuwahi. Kiwandani inafunguka 75 kabla ya chini na kufunga 48 baada ya juu. Jumlisha: 75, 270, 48, unapata 393. Ni zaidi ya mzunguko mmoja wa shafti. Ukiacha sifuri yako hapo ilipo, utaona inafunguka gurudumu likisoma 15, na utadhani umekosea. Hujakosea, ni 15 ya mzunguko uliotangulia. Na ona kwamba hewa inafunguka 32 wakati ekzosi haijafunga mpaka 48. Kwa digrii 16 zote mbili ziko wazi. Kaka wa Arua, huo mngurumo unaoupenda unatoka hapo: daraja linaifungua hewa mapema mno, moshi unarudi kwenye hewa mpya, injini inakosa pumzi ikiwa sailensa. Kwa mbio ndefu za lami sina ugomvi nalo. Busiika unatoka kona ya vumbi kwa gia ya pili, unahitaji nguvu kuanzia chini. Daraja litamnyima hicho hicho anachokitafuta.

Kwa hiyo ufunguzi wa hewa usiuguse. Ekzosi usiiguse, isipokuwa kulainisha ukingo pale ulipo. Kromu ya hauzingi, ukuta unaoizunguka rota, inabanduka kama rangi ya ukuta ukiikata kwa pupa, na apeksi itapita juu ya kidonda hicho kila mzunguko. Unachoweza kusogeza ni ukingo wa kufunga hewa tu, kidogo, ili ifunge kwa kuchelewa. Ukichelewesha, nguvu inahamia juu kwenye mizunguko mingi na inapungua chini. Hakuna ujanja wa kupata zote mbili.

Sasa nisikilize hapa, maana swali lako la kwanza na la pili mimi naona ni swali moja.

Mwaka 2017 nilikata injini yangu mwenyewe, 13B ya tabo, kwa kiolezo cha karatasi. Nililaza karatasi, nikachora, nikakata mpaka kwenye mstari, poti ikatoka nzuri, inang'aa kama kikombe. Gari lilitembea siku tisa. Siku ya kumi asubuhi lilikataa kuwaka, na nilipopima mbana (shinikizo la hewa iliyobanwa, kwa kilo kwa sentimita mraba) kwenye rota ya mbele, nyuso mbili zilisoma 5.8 na 5.9, wa tatu 2.1. Nikafungua. Sili moja ya ubavu ilikuwa imekatika vipande viwili, kipande kimoja hakikuwepo. Mfereji wake umevimba mdomo. Kwenye pleti, ukingo wa juu wa poti niliyoikata ulikuwa na alama ndogo ndogo za kung'atwa, nyingi, zote mahali pamoja, urefu wa kama kucha ya kidole gumba. Niliukalia ule ukingo usiku kucha kwa tochi.

Ni hivi. Sili ya ubavu ni utepe mwembamba wa chuma unaosukumwa na springi dhidi ya pleti. Ikifika juu ya poti, chini yake hakuna chuma, basi inazama kidogo sana. Ikifika ukingo wa kufunga, lazima ipande tena. Kiwandani ukingo ule umechorwa ili sili iukute mshazari, kama mkasi unavyokata kitambaa: inaanza ncha moja, inaendelea, inamaliza. Mimi nilipousogeza niliunyoosha, ukawa karibu sambamba na sili. Ikawa sili inagonga ukingo kwa urefu wake wote kwa wakati mmoja. Mara elfu kadhaa kwa dakika, siku tisa.

Karatasi haikuweza kunionyesha hilo. Sili yenyewe ndiyo ingenionyesha, na ilikuwa mezani kwangu.

Basi fanya hivi. Pleti iko mezani na shafti imesimama. Ivalishe rota sili zake za kona na za ubavu, pamoja na springi. Paka wino wa buluu kwenye pleti. Zungusha kwa mkono mizunguko mitatu ya shafti, nyuso zote tatu zipite. Nyanyua rota. Utaona barabara tatu zimejichora. Ya ndani ni ya ringi za oili. Usiikaribie, ukiikata gari litavuta oili na kutoa moshi maisha yake yote. Ya nje ni ya sili za kona. Zile ni vifungo vya duara, kipenyo kama milimita 11, na mimi sikubali nusu yake ikose chuma chini hata kwa nukta moja. Katikati ni uwanja wa sili za ubavu. Hapo ndipo poti yako inaruhusiwa kukua.

Chora ukingo mpya kwa msumari mkali juu ya wino. Rudisha rota, zungusha polepole, lala jicho lako liwe sawa na pleti, utazame sili ikiukuta mstari uliouchora. Inaukuta kwa ncha au kwa ubavu mzima? Kama ni ubavu mzima, futa, chora tena. Mimi siku hizi nachora hata mara sita. Ukishakata, laza ukingo wote wa kufunga kwa jiwe laini kisha msasa, upana wa milimita moja na zaidi kidogo, mpaka ukipitisha ukucha hausikii kitu. Ukucha, si kidole. Kidole kinadanganya.

Na usikate kwa kina kuelekea juu bila kujua njia za maji ziko wapi ndani ya ile pleti. Shika pleti nyingine mbovu ya aina ileile kama unaweza kuipata, ikate kwa msumeno, uone ukuta una unene gani. Niliipata yangu Katwe kwa bei ya chuma chakavu.

Kuhusu kiolezo chako: mara nyingi kina mraba pembeni wa kupimia. Pima mraba huo kwa venia. Wangu uliandikwa 50, nilipoupima baadaye ulikuwa 48 na nusu, printa ilibana karatasi iingie kwenye A4. Kitumie kwa kupata wazo tu.

Sili sasa. Apeksi kwenye mfereji: kitabu kinataka 0.062 hadi 0.102, mwisho wa kuvumilia ni 0.15. Wewe uko 0.08 na 0.10. Acha. Tabo haitaki nafasi zaidi. Gesi ndiyo inayopita kwenye kanafasi hako, inaingia nyuma ya sili na kuisukuma ukutani. Ukibana mno sili inagandishwa na masizi, ukilegeza mno inacheza mfereji unazidi kupanuka. Ila hiyo ncha ya 0.10 ichunguze kwenye nyuso zote, na upime mdomo wa mfereji na chini yake. Mdomo hulika kwanza.

Sili ya ubavu na sili ya kona: 0.05 hadi 0.15, na ikifika 0.40 imekwisha. Mimi naacha 0.05 hadi 0.08. Huyo wa kukuambia uzibe kabisa usimsikilize. Sili ikipata moto inarefuka, ikikosa pa kwenda inaisukuma sili ya kona, ya kona inang'ang'ania kwenye tundu lake na haiinuki tena. Utapoteza mbana kwenye kona kwa ajili ya kuokoa unywele mmoja ubavuni.

---

Kijana wa Ndeeba

Mzee, nimesoma hili jibu mara tatu, la tatu nikiwa nimeshika pleti.

Nimepima mraba wa karatasi yangu. Umeandikwa 40, ni 38.9.

Wino nimefanya leo. Barabara zimejichora kama ulivyosema, na nimeona kitu: mstari wa kiolezo ungekula zaidi ya nusu ya njia ya sili ya kona kwenye pembe ya juu ya poti. Ningekata Jumamosi. Nimeufuta. Mstari wangu wa nne ndio sili inauingia kwa ncha.

Swali dogo la tupa. Sili moja ya ubavu nimeipiga tupa mpaka 0.07, nikaihamisha uso mwingine ikawa 0.11. Imekuwaje?

---

Mkerezaji Jinja

Kaka, mimi ni mama wa mashine ya kukereza, sijawahi kuendesha gari la rota, lakini sili nimewapigia tupa watu watatu. Nikujibu hilo.

Imekuwa hivyo kwa sababu kila uso una urefu wake. Sehemu ya mia ya milimita hapa na pale, kiwanda kinaruhusu. Sili ya ubavu inafanyiwa kipimo kwenye mfereji wake na sili zake mbili za kona, kisha haihami. Unazo kumi na mbili, kwa hiyo ni kazi kumi na mbili, si moja ikarudiwa. Hayo makopo yako ya siagi yagawe mara mbili, upande wa mbele wa rota na wa nyuma.

Weka sili za kona bila springi, sukuma sili ya ubavu iguse ya kona upande mmoja, pima upande wa pili. Tupa iwe laini kabisa, ile ya kumalizia. Usishike sili kwenye vaisi, itapinda. Ilaze kwenye kipande cha mbao ngumu chenye mfereji, ncha ikitokeza milimita mbili, na upige kuelekea upande mmoja tu. Ncha ile ina mviringo wa kufuata sili ya kona. Ukiinyoosha, fila geji itasoma 0.05 katikati huku pembeni pako wazi, na hutajua. Piga mara mbili, pima. Mara mbili, pima. Mimi ya kwanza ilinichukua saa nzima.

Na pima mchana mmoja, usipime nyingine jua la saa nane na nyingine usiku. Rota ya chuma iliyokaa juani haiko sawa na iliyokaa kivulini.

---

Kijana wa Ndeeba

Ahsante sana mama. Nimemaliza sili nane. Nne zimebaki.

---

Kijana wa Ndeeba

Wakubwa, zimepita wiki tano. Sili zote kumi na mbili ziko kati ya 0.05 na 0.08. Ukingo wa kufunga sasa unasoma 329 kwenye gurudumu, yaani 59 baada ya chini. Ekzosi sikuigusa. Mchezo wa shafti mbele na nyuma ni 0.05. Nimefunga injini, nimeiwasha, imetembea kama kilomita 300 taratibu, moshi hakuna.

Leo nimepima mbana. Geji ya kawaida, nimetoa ile kokwa ya valvu ili sindano iruke kila uso, nikarekodi kwa simu. Sindano iliruka mara 42 kwa sekunde 10, kwa hiyo shafti ilikuwa kwenye 250 kwa dakika. Rota ya mbele 5.6, 5.7, 5.5. Ya nyuma 5.8, 5.6, 5.7. Kitabu kinasema chini ya 6.0 injini ifunguliwe. Nimekaa kwenye ngazi ya karakana tangu saa kumi. Nimekosea wapi?

---

Mkerezaji Jinja

Hujakosea. Uko Kampala.

Karakana yako iko kama mita 1200 juu ya bahari. Hewa hapo ina shinikizo la kama asilimia 87 ya ile ya pwani. Injini haiwezi kubana hewa ambayo haikuipata. Injini ileile inayosoma 6.0 ikiwa Mombasa itasoma karibu 5.2 ikiwa Kampala, haijalika hata kidogo. Geuza hesabu: 5.6 yako ingekuwa kama 6.4 kule bandarini iliposhushwa. Na sili mpya kwa kilomita 300 bado hazijakaa.

---

Fundi Kibuye

Mama amemaliza. Mimi naangalia kitu kingine: kitabu kinavumilia tofauti ya 1.5 kati ya nyuso za rota moja. Wewe tofauti yako kubwa ni 0.2. Sita zote zinafanana. Sili iliyokwama au iliyokatika haijifichi, uso wake unaanguka peke yake kama wangu wa 2.1.

Pima tena kilomita 1000, geji ileile, betri ikiwa imejaa, injini ya moto. Kabla ya hapo usipande mizunguko mikubwa. Na kabla ya Busiika nunua chujio la hewa la maana, lililofungwa mdomo wake bila upenyo. Vumbi la pale likipita linalala kati ya apeksi na ukuta.

---

Kijana wa Ndeeba

Nimeshuka kwenye ngazi. Chujio naenda kulitafuta Kisekka kesho asubuhi, na ile pleti mbovu uliyoikata msumeno naomba nije Kibuye kuiona mzee, kwa sababu nina rafiki mwenye 12A, injini nyingine ya rota, anataka kuanza.

---

Fundi Kibuye

Njoo Jumapili baada ya saa nane. Mwambie aje na rota yake ikiwa na sili ndani, kiolezo akiache nyumbani.